Kulinda Viatu

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la tatu katika shule moja ya msingi mjini Tanga, na kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kulinda viatu. Wenzangu walivivua chini ya mwembe, wakajipanga, wakaenda mchakamchaka wakiimba. Mimi nilibaki na rundo la ndala na raba. Mwalimu wa zamu aliona ananihurumia. Nilizaliwa na mtindio wa ubongo uliokaza upande wangu wa kulia: kisigino hakikugusa chini, mkono ulijikunja kifuani.

Hakuna aliyenitamkia kwamba mwili wangu ni wa kukaa, lakini ndivyo nilivyoelewa pale mwembeni. Nikaanza kuuficha. Nilivaa sweta, Tanga, mwezi wa Januari, jua la saa saba. Katika picha zote za miaka ile mkono wangu uko nyuma ya mgongo.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemweleza mama waziwazi: jeraha la kwenye ubongo haliongezeki, lakini mtoto akikua mifupa hurefuka na misuli iliyokaza hubaki nyuma, hivyo asiponyooshwa na kutembezwa huzidi kukakamaa. Mama alinikanda kila usiku kwa mafuta ya nazi. Asubuhi shule ikanikalisha.

Ndipo akahamia mwalimu mpya wa michezo, mama wa makamo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekaa?"

"Nalinda viatu."

"Viatu havina pa kwenda, mwanangu. Njoo mbele."

Angeniweka nyuma ya mstari, ningeachwa. Aliniweka mbele kabisa, akaamuru shule nzima ifuate hatua zangu, na wimbo nianzishe mimi. Wavulana wa darasa la saba walinung'unika. Siku ya kwanza tulifika kwenye mwarobaini tukarudi. Nyonga iliniuma hadi usiku. Muhula ulipokwisha tulikuwa tunazunguka uwanja mzima.

Nilianguka, tena si mara moja. Goti lilipochubuka mara ya kwanza, mama alitaka kwenda shuleni kukataza. Nilimlilia asiende. Dada zangu wote walikuwa na makovu ya magotini. Mimi, na miaka yangu tisa, sikuwa na hata moja. Darasani nilipandisha sketi kidogo ili kidonda kionekane. Kidonda kile kilinipa nguvu kuliko maneno yote ya kunifariji niliyowahi kuambiwa.

Sweta nililivua kwa sababu ya jasho tu. Nilipoukumbuka mkono wangu, tulikuwa tumeshamaliza mzunguko.

Hadi leo kisigino hakijatua sawasawa, na kila siku naenda kazini kwa miguu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilikuja mwaka 2010, nikiwa mtu mzima. Bado napita kando ya viwanja vya shule nikamwona mtoto mmoja kivulini na mikoba ya wenzake. Mwalimu, mzazi, muulizeni mtaalamu wa viungo mazoezi yanayomfaa, kisha mwiteni mbele.