Mkono Ndani ya Tangi

Tasi ana miiba 24: 13 mgongoni, 7 nyuma ya tumbo kuelekea mkiani, na 4 kwenye mapezi ya tumboni. Yote ina sumu. Mvuvi wa pwani pengine hajawahi kukaa akaihesabu, ila mikono yake inaijua hesabu hiyo vizuri. Akimtoa tasi kwenye dema humbana kichwani, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule, na ukimsemesha hakujibu mpaka samaki awe ameshatua ndani ya pakacha. Nimewaona wazee waliozeekea baharini wakifanya hivyo kila mara, kwa kila tasi. Siku moja nilimuuliza mmoja wao, kwa ujinga wa ujana, kwani bado anawaogopa? "Mwanangu," akasema, "mimi ndiye niliyewazoea. Wao hawajanizoea."

Tasi ana ndugu yake wa manjano, mwenye mdomo uliochongoka, ambaye wapenda samaki wa mapambo duniani kote humnunua kwa bei nzuri. Miiba ni ileile na sumu ni ileile. Kilichobadilika ni kioo. Bahari ikishawekwa sebuleni, ikawashiwa taa na kupewa kochi la kuitazama, mtu huanza kuamini kwamba imekubali kukaa kwa masharti yake.

Niliwahi kuishi kwa kazi ya kutunza matangi ya maji chumvi Mombasa, majumbani na kwenye vyumba vya mapokezi ya ofisi. Ni kazi ya ndoo na mipira ya maji: unatoa maji kiasi, unaingiza mengine, unapima chumvi, unasugua ukungu wa kijani kwenye kioo, unaondoka ukinuka ufuo. Katika kazi hiyo sikumbuki kumwona mgeni wa tangi akiumia. Mgeni huuliza kwanza. Huyu anauma? Yule je, ana sumu? Aliyekuwa akiumia ni mwenyewe, aliyekaa nao muda mrefu, anayetumbukiza mkono huku simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Huyu ananijua," mwenye tangi mmoja aliniambia, akizamisha mkono hadi kiwiko ili anyanyue jiwe. Huyu ni kangaja, wa rangi ya samawati, mzuri ajabu. Kangaja ana kisu kila upande wa shina la mkia, kimelala ndani ya ala yake, nacho hufunguka anapopinda mkia. Jiwe liliponyanyuka, samaki alichomoka kutafuta pengine pa kujificha, akapita kando ya mkono. Sikuona kisu. Niliona mstari mwembamba umetokea kwenye vidole vitatu, halafu damu ikaanza kujitandaza majini. Yule bwana alitoa mkono, akabaki kumtazama kangaja kama baba aliyetukanwa na mwanawe mbele ya wageni.

Mimi nilimwonea huruma kangaja pia. Hakumshambulia mtu. Na ni kweli alimjua bwana wake: alijua saa ya chakula na upande chakula kinakotokea. Lakini kuujua mkono unaokulisha hakukulazimishi kuunyamazia mkono huohuo ukija kung'oa nyumba yako. Tofauti hiyo wafugaji wengi hatuioni, na sina hakika kama tunaiona hata kwa binadamu wenzetu tunaowalisha.

Steve Irwin wa Australia alijulikana duniani kwa kukumbatiana na mamba. Tarehe 4 Septemba 2006, huko Batt Reef, Queensland, aliuawa na taa, samaki ambaye kwa kawaida hukimbia akiona kivuli cha mtu. Walikuwa wanatengeneza filamu ya viumbe hatari wa baharini, lakini siku hiyo hali ya hewa ilikuwa imewakwamisha, naye akaingia maji ya kina kifupi kupiga picha nyepesi kwa ajili ya kipindi cha binti yake. Mwiba ulimpata kifuani. Dawn Brancheau alikuwa mkufunzi mwenye uzoefu mkubwa huko SeaWorld, Orlando, alipovutwa majini na kuuawa tarehe 24 Februari 2010 na Tilikum, nyangumi aina ya oka aliyekamatwa karibu na Iceland mwaka 1983 akiwa mdogo. Onyesho lilikuwa limekwisha. Alikuwa pembeni ya bwawa akizungumza na mnyama aliyemfahamu. Baada ya kifo hicho wakufunzi wa SeaWorld waliacha kuingia majini na oka wakati wa maonyesho. Katika visa vyote viwili saa ya hatari, kwa jinsi watu wanavyoihesabu, ilikuwa bado haijafika au imeshapita.

Elimu nayo haizuii mwiba. Profesa J.L.B. Smith wa Afrika Kusini, aliyempa samaki aitwaye silikanti jina lake la kisayansi mwaka 1939, alichomwa kidole gumba na samaki-jiwe huko Pinda, kaskazini mwa Msumbiji. Huyo ni samaki anayelala chini bila kutikisika, kachafuka kama mwamba wenyewe, na ndiye anayetajwa kuwa na sumu kali kuliko samaki wote wanaochoma. Smith aliandika makala ya kitaalamu kuhusu maumivu yake, ikachapishwa mwaka 1951. Kilichompa nafuu ni maji ya moto.

Na mpaka leo ndiyo huduma ya kwanza. Sumu ya tasi, taa, samaki-jiwe na wenzao ni protini inayoharibiwa na joto. Kidonda huzamishwa kwenye maji ya nyuzijoto 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90, kisha mtu aende hospitali, maana vipande vya mwiba hubaki ndani na vidonda vya majini huoza upesi. Maji yapimwe kwa mkono mzima, si ule ulioumia. Mkono wenye maumivu makali hausemi kweli. Wapo walioponea sumu wakaungua moto.

Sasa tazama ujanja wa bahari. Maji hayohayo ya moto, ukiyapeleka kwa kiumbe mwingine, yanaweza kukuangusha. Kuna jamaa wa matumbawe wanaoitwa zoantidi, wadogo kama vifungo vya shati na wenye rangi za kila aina, ambao huenea juu ya mawe ya tangi mpaka mwenyewe akachoka nao. Baadhi yao wana palitoksini, moja ya sumu kali kuliko zote zinazotokana na viumbe hai, iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka kiumbe wa Hawaii. Mtu anayewachoka hulichukua jiwe, akalimwagia maji yanayochemka au akalichemsha kabisa jikoni. Mvuke unapanda. Baada ya saa chache nyumba nzima inakohoa, ina homa, kifua kimebana. Mwaka 2018 huko Steventon, Uingereza, usafi wa matumbawe ya tangi la nyumbani uliwapeleka hospitali watu wa familia pamoja na wazima moto waliokuja kuwasaidia. Jiwe la namna hiyo halichemshwi, halisuguliwi likiwa kavu, na halishikwi bila glavu na miwani ya kukinga macho.

Kuhusu umeme nitasema kidogo tu, kwa sababu kila fundi anaujua. Chumvi hutambaa juu ya waya na kuingia kwenye soketi. Acha waya uning'inie chini kuliko soketi kabla haujapanda kuifikia, ili tone lidondoke sakafuni. Na chomoa kila kitu kabla ya kuzamisha mkono. Kila kitu.

Lililonisumbua kuliko yote ni jambo lisilo na damu wala kelele. Mwenzangu mmoja kazini alikwaruzwa na jiwe kwenye kiungo cha kidole, mkwaruzo ambao hata plasta haukuhitaji. Wiki kadhaa baadaye pakaota kinundu cha rangi ya zambarau. Hakikumuuma. Akapewa dawa ya kupaka, kisha ya ukurutu, kisha vidonge vya siku saba, na vinundu vingine vikaanza kufuatana kupanda kwenye mkono. Muda mrefu ulipita mpaka daktari mmoja, huku anaandika, akamuuliza bila kuinua kichwa, "Unafanya kazi gani?"

Bakteria huyo huitwa Mycobacterium marinum, naye ni wa ukoo wa kifua kikuu. Mtafiti aitwaye Aronson alimtambua mwaka 1926 kwa samaki waliokufa kwenye akwaria ya Philadelphia. Hupenda ubaridi kidogo kuliko joto la ndani ya mwili, ndiyo maana hukaa mikononi. Yumo kwenye maji chumvi na maji baridi pia, kwa hiyo hata mwenye tangi dogo la samaki wa dhahabu hajaepuka. Anatibika, lakini kwa dawa maalumu zinazomezwa kwa miezi. Mwenzangu hakuficha kitu. Hakuna aliyemuuliza, na kwake mkono kuwa majini halikuwa jambo la kutaja.

Basi, wewe unayefuga samaki, au unayepara samaki sokoni, au unayefunga mwani ufukweni: vaa glavu kama kidole kina mchubuko, na ukitoka nawa kwa sabuni. Na ukienda hospitali na kinundu kisichopona, usingoje kuulizwa. Mwambie daktari mkono huo unashinda wapi.