Nyumba ya Udongo na Kuni za Tanuri

Mwaka huu kijiji chetu kimekusudia kuongeza vyumba viwili vya shule, kwa kuwa watoto wa darasa la kwanza na la pili hukaa pamoja katika chumba kimoja, na wengine husomea chini ya mwembe. Kusudi hili ni jema, wala hapana mtu aliyelipinga. Kila nyumba imeahidi matofali yake. Walakini tofali lataka moto, na moto wataka kuni, na kuni za karibu zimekwisha. Basi katika baraza mzee mmoja wa heshima alisimama akasema kwamba miti mikubwa ingalipo kule chemchemini. Na kama watoto ni wetu na miti ni yetu, kuna nini? Tangu siku ile maneno hayajatulia. Nasi tumeona vema kuandika habari hii, maana twadhani si kijiji chetu peke yake chenye chemchemi moja na matanuri mengi.

Kwanza na tueleze kazi ya tanuri ilivyo, kwa ajili ya wenzetu wa pwani ambao hawakuizoea. Udongo hukandwa kwa miguu, ukafyatuliwa kwa kalibu ya mbao, na matofali hufunikwa kwa majani mpaka yakauke. Kisha hupangwa kama nyumba ndogo isiyo na mlango, ila chini yake huachwa matundu marefu ya kutilia magogo. Nje hupakwa tope ili moto usitoroke. Ndipo magogo hutiwa, mchana na usiku, na wenye tanuri hukesha wakila mahindi ya kuchoma na kusimuliana hadithi. Sisi tulipokuwa watoto tuliupenda usiku ule kuliko sikukuu nyingi. Lakini tanuri la matofali elfu kumi hula mikokoteni mingi ya magogo, tena magogo mazima, si vijiti. Na matofali ya pembeni, yaliyo mbali na moto, hutoka nusu yameiva, nusu mabichi, yakatupwa au yakajengewa choo.

Wazee watuambia kwamba huku kwetu ufundi huu ulikuja na mafundi wa misheni, waliojenga makanisa mekundu ambayo yangali yamesimama. Hatusemi neno juu yao. Walijenga vizuri, na siku zile msitu ulifika mlangoni. Ila tangu hapo tofali jekundu limekuwa alama ya mtu aliyeendelea. Mwenye nyumba ya tofali la kuchoma husalimiwa kwa heshima; mwenye nyumba ya udongo huulizwa atajenga lini, naye yumo ndani ya nyumba!

Sasa tazameni hesabu yake. Mama zetu ambao zamani waliokota kuni nyuma ya shamba, leo huondoka alfajiri na kurudi jua likiwa juu. Na miti ya chemchemini haikusimama pale kwa urembo. Kivuli chake huzuia jua lisiikaushe ardhi, na majani yanayoanguka pamoja na mizizi huufanya udongo uwe kama sifongo, mvua ikazama ndani badala ya kukimbilia bondeni na kuchukua shamba la mtu. Maji yaliyozama ndiyo tuyatekayo mwezi wa kumi. Hata Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu, au zenye kuweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Waliotunga sheria walijua kwamba maji hulindwa tangu ukingoni.

Katika baraza lile kijana mmoja, fundi wa mjini, alisema, "Basi tuache kuni, tununue saruji, tufyatue matofali ya mchanga." Neno lake lilipendeza wengi. Lakini saruji nayo ni kitu cha motoni. Mawe ya chokaa husagwa pamoja na udongo, yakachomwa katika joto la kama digrii 1,450, na katika kuchomwa huko jiwe lenyewe hutoa hewa ya ukaa, mbali na ile itokayo katika makaa au mafuta yaliyolichoma. Wataalamu wamehesabu kwamba katika kila sehemu 100 za hewa hiyo ambayo kazi za wanadamu hutoa duniani, kama sehemu 7 au 8 zatoka kwenye saruji. Moto wake hatuuoni kwa kuwa wawaka mbali. Tena kila mfuko hupanda milima hii kwa lori, nasi twalipa nauli ya lori. Saruji ina mahali pake, kama tutakavyosema, lakini kujenga ukuta mzima kwa mchanga na saruji ni gharama ambayo michango yetu haitaifikia.

Je, udongo usiopita motoni waweza kusimama? Hapa ndipo watu hucheka. Lakini wasomaji wa Kitabu cha Kutoka wajua kwamba Waisraeli walipokuwa Misri walitakiwa kutia majani makavu katika matofali. Majani hayo yalikuwa ya kushikamanisha udongo uliokauka kwa jua. Na wale Washihiri wenye maduka katika miji ya pwani yetu, asili yao ni Hadhramaut, na huko kuna mji wa Shibam wenye nyumba ndefu za ghorofa tano, sita, hata saba na kuzidi, zilizojengwa kwa matofali mabichi, na nyingi ni za tangu karne ya 16. Kule Mali, katika mji wa Djenné, msikiti mkuu uliojengwa mwaka 1907 ni wa udongo mtupu. Kila mwaka watu wa mji hukusanyika, wengine wakichota maji, wengine wakipanda juu ya magogo yaliyochomoza ukutani, wakaupaka tope upya. Twawasifu kwa hilo. Hawakungoja ukuta uanguke ndipo waulize nani alaumiwe.

Lakini mfano tuupendao zaidi ni wa shule. Katika kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso, mkuu wa kijiji alikuwa na mtoto, jina lake Francis Kéré, aliyezaliwa mwaka 1965. Huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa kijiji kile kupelekwa shule. Baadaye alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akasomea uchoraji wa majengo mjini Berlin. Naye alipokuwa angali mwanafunzi alichangisha fedha ili akajenge shule kwao. Wenyeji walipoambiwa kwamba itakuwa ya udongo walitia shaka, kwa kuwa walikuwa wameona nyumba za udongo zikianguka wakati wa mvua, nao walitazamia kwamba mtu aliyetoka Ulaya atawaletea vioo na zege. Kéré alichanganya udongo na saruji kidogo, akaushindilia kwa mashine uwe matofali magumu. Akaweka dari ya matofali yale yale, yenye nafasi za kupitisha hewa. Na juu ya dari akainua paa pana la bati, lililosimama juu ya vyuma vyembamba. Hewa ya moto hupanda na kutoka, na bati lililopata jua haliwaunguzi watoto, maana halikugusana na chumba. Watu wa kijiji walibeba mawe na maji wenyewe. Shule ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2004 ikapata Tuzo ya Aga Khan. Na mwaka 2022 Kéré mwenyewe alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kabisa ya wachora majengo, wala hapana Mwafrika aliyeipata kabla yake. Sisi twaliona jambo la kutafakariwa, kwamba heshima hiyo ilianzia katika shimo la udongo nyuma ya kijiji.

Basi kwa nini nyumba zetu za udongo huanguka? Tumezitazama nyingi, za miti na tope na za matofali mabichi, na karibu zote zimeuawa na maji. Maji ya juu hupiga ukuta kwa sababu paa ni fupi, limeishia pale ukuta ulipo. Maji ya chini hupanda, kwa sababu tofali la kwanza limewekwa juu ya ardhi tupu, likanywa unyevu, likalainika kama mkate katika chai. Na hata mvua ikiwa haba, matone ya paa huchimba mguuni pa ukuta mpaka nyumba yafanana na jino lililooza shinani. Dawa ni msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi futi moja au moja na nusu, na paa lililotoka nje ya ukuta kiasi cha mkono mzima, na mfereji wa kuyaongoza maji mbali. Haya hayataki elimu kubwa.

Liko kosa la tatu, nalo ni la wenye fedha. Jirani yetu mmoja alijenga matofali mabichi, kisha akapiga plasta ya saruji ili nyumba ionekane ya kisasa. Kwa mwaka mmoja ilipendeza. Lakini plasta ngumu na ukuta laini hazivutani sawasawa jua likiwaka na usiku ukipoa. Ikapata nyufa, maji yakaingia nyuma yake yasiweze kutoka, na masika ya pili ikadondoka vipande vipande ikiwa na udongo wa ukuta mgongoni. Ukuta wa udongo hutaka kupakwa udongo wenye majani na mavi ya ng'ombe, au chokaa. Twajua kwamba neno mavi halipendezi magazetini, lakini bibi zetu walilijua jambo hili kuliko mafundi wengi.

Nyumba tukaayo sisi na watoto wetu tuliijenga mwaka 2017 kwa matofali ya kushindilia. Mashine yake ni ya mkono, ya namna ile iliyobuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá, Colombia, mwaka 1956: sanduku la chuma na mpini mrefu. Udongo mwekundu wa mlimani hupepetwa, ukachanganywa na saruji, sehemu moja kwa kumi na mbili au kumi na tano, na maji machache sana. Maji yatosha ukilifinya donge mkononi likashikamana, na ukiliangusha likavunjika vipande vichache. Likitawanyika unga, ongeza. Likibonyea tu, umezidisha. Tofali likitoka huwekwa kivulini na kunyweshwa maji siku saba, kisha hungoja mpaka mwezi upite. Udongo mweusi wa mbugani haufai kabisa, maana huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka.

Siku zile mzee wetu mmoja alipita njiani, akatuona tumeshika mpini pamoja na mama watoto.

"Mwalimu, mwanangu, mshahara umekwisha?"

"Shikamoo, baba. Haujakwisha, twauhifadhi."

Akacheka, akaenda zake. Sasa huja saa nane mchana kukaa barazani kwetu, kwa kuwa kwake bati limepigiliwa karibu na vichwa vya watu. Nyumba yetu pande zake ndefu zaelekea kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni hupata ukuta mfupi tu, na ukuta wenyewe ni mnene, joto huchelewa kuupenya. Chini ya bati tumetandaza mikeka ya matete, hata mvua ikinyesha twasikilizana. Mwalimu aliyewahi kufundisha hesabu chini ya bati tupu mwezi wa nne ataelewa tusemavyo. Na bati hilo hilo, likitiwa mfereji, hujaza tangi la maji.

Hatusemi kwamba kazi ni nyepesi. Mashine moja hutoa matofali machache kwa siku kuliko kalibu tatu za mbao, yataka watu wenye subira, na kivuli kipana cha kuyahifadhi. Wala hatumlaumu achomaye tofali kwa pumba za mpunga, kama wafanyavyo wenzetu wa mabonde ya mpunga, au kwa miti aliyoipanda mwenyewe. Wako wasemao tupande mikaratusi. Na ipandwe, lakini mbali na maji, maana mti ule hunywa kuliko ng'ombe.

Baraza limetoa muda mpaka baada ya mavuno. Katikati ya majuma haya watoto wa darasa la sita walijaza udongo mbichi katika visanduku viwili vyembamba vya sentimita 60, kimoja udongo wa nyuma ya shule, kimoja wa mlimani, wakaviacha dirishani vikauke, wapate kuona ni upi unaojikunja sana. Ule wa nyuma ya shule ulipasuka na kurudi nyuma upana wa vidole vitatu. Ule wa mlimani haukufika kidole kimoja. Mzee aliyeitaja miti ya chemchemi alisikia habari, akaja. Alitia kidole chake katika nafasi ya kisanduku cha kwanza, kisha cha pili, asiseme kitu kwa muda. Halafu akauliza mashine ile huazimwa kwa siku ngapi.