Si Kila Kikohozi ni Vumbi

Sisi tuishio katika ukanda huu wa dhahabu, toka Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita, tunalo jibu moja kwa kila kikohozi: vumbi. Mchimbaji akikohoa, ni vumbi la duara. Mtoto mchanga akikohoa, ni vumbi la karasha. Siwalaumu wasemao hivyo, kwani vumbi la mawe huharibu kweli mapafu ya wachimbaji wetu. Lakini mjukuu wangu wa miezi minne, ambaye hajapata kufikishwa machimboni, alipoanza kuhema haraka haraka na mbavu kuingia ndani kila avutapo pumzi, nilitaka kujua ugonjwa huo ulipitia mlango upi.

Swali hilo limekwisha kuulizwa kwa majirani zetu. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya mwaka 2009 na 2010, watafiti walizifuatilia kaya 47 zenye watoto wachanga kwa muda wa miezi sita hivi, wakichukua makamasi puani mwa wote waliomo, wazima kwa wagonjwa, hadi mara mbili kwa juma. Walikuwa wakikisaka kirusi kiitwacho RSV, ambacho kwa mtu mzima mara nyingi huwa mafua tu, lakini kwa mtoto mchanga huweza kuziba vijia vya hewa kifuani.

Baadaye wakasoma herufi za kirusi chenyewe. Maandishi yake ya urithi yana herufi zipatazo 15,000, na kila kinapojinakili hukosea hapa na pale. Mwalimu yeyote anaelewa: wanafunzi wawili wakiandika kosa lile lile, mahali pale pale, wametazamiana. Kwa makosa hayo wataalamu waliona kwamba mara nyingi kaya nzima iliugua kirusi kilichoingia mara moja tu, ingawa zilikuwapo nyumba ambamo kiliingia zaidi ya mara moja.

Alikileta nani? Kati ya watoto wachanga 15 walioambukizwa nyumbani, 11 walitanguliwa kuugua na mtoto mkubwa wa nyumba hiyo hiyo. Na 10 kati ya hao wakubwa walikuwa wanafunzi.

Kusoma herufi hakumponyi mtoto. Aliyebanwa kifua huhitaji oksijeni, maziwa ya mama na jicho la muuguzi, naye apelekwe upesi. Zile dawa za kuua bakteria tunazokimbilia kununua dukani hazikidhuru kirusi hata kidogo.

Mjukuu wangu alipona baada ya siku tano hospitalini. Kaka yake yuko darasa la pili, na sijaona ampendaye mdogo wake kama yeye. Hatukumkataza kumbeba. Akitoka shuleni hupita kwanza kwenye ndoo na sabuni. Na siku pua yake inapochuruzika, huja kulala kwangu, amenuna.