Kuhusu bweni la Sudi

Muheza, Novemba

Mwanangu Hamisi,

Goti langu ni lile lile, na machungwa yamejaa mpaka bei imeanguka.

Habari ya mwanao Sudi nimeipata kwa mke wa kondakta, si kwako: kwamba Januari unampeleka bweni "akanyooke". Shangazi aliyekulipia ada ya sekondari, baba yako akihangaika na lori lisilokwisha kuharibika, alistahili kuambiwa kabla ya watu wa stendi. Haya, tuyaache.

Najua kwa nini sasa. Tangu 2023 serikali imezuia bweni kwa walio chini ya darasa la tano, na Sudi ndiyo kwanza anaingia la tano. Umengoja ruhusa, imefika.

Nasikia unasema ni mvivu. Anasahau daftari, anaanza zoezi analiacha, umtume vitu vitatu dukani alete kimoja, umwambie aache kucheza apandwe na hasira. Kisha unauliza, mbona mechi zote za Simba anazikumbuka? Anazikumbuka kwa kuwa anazipenda. Kinachomshinda ni kujiongoza: kushika maelekezo kichwani huku mkono unaandika, kujizuia, kuacha hili na kushika lile, kujua kuwa muda umekwenda. Kazi hiyo inategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, nayo hukomaa polepole hadi mtu anakaribia miaka 25. Wako watoto ambao kwao hukawia zaidi. Mmarekani Russell Barkley, aliyewachunguza watoto wa namna hii miaka mingi, husema wanajua la kufanya. Taabu yao ni kulitenda lile wanalolijua, wakati unaotakiwa.

Tena usisahau malaria iliyompanda kichwani alipokuwa mdogo. Utafiti wa Kampala uliofuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo ulikuta, miaka miwili baadaye, karibu mmoja kati ya wanne ana upungufu katika kufikiri, hasa katika umakini. Sisemi ndiyo sababu kwa Sudi. Nasema akapimwe, na macho na masikio pia, kabla hujamnunulia tranka.

Nilipokuwa nafundisha kule mkongeni nilimpokea kijana wa darasa la tano, mtoto wa mkata mkonge. Ripoti zake zote ziliandikwa "mzembe". Hesabu ya mdomo alijibu kabla sijamaliza kuuliza, daftari lake jeupe. Nilikuwa nimetoka chuo cha Patandi kusomea elimu maalumu, wenzangu wakinicheka kwamba nimekwenda kujifunza kubembeleza. Nikamtazama anavyonakili ubaoni: akiinamisha kichwa tu, nusu ya swali imempotea. Nikawa namwandikia maswali kwenye karatasi. Nikamweka mbele, namwambia jambo moja, analirudia kwa sauti yake, ndipo naongeza la pili. Zoezi likianza nasimama naye mpaka aandike mstari wa kwanza, maana kuanza ndiko kulikokuwa kuzito kwake. Ndani ya jalada la daftari tulibandika orodha: kalamu, rula, kazi ya nyumbani, sweta. Anaweka vema mwenyewe kabla ya kutoka. Sweta aliendelea kulisahau. Lakini darasa la saba alifaulu, na katika hesabu aliwapita watoto wa mameneja.

Akapangiwa sekondari ya bweni mbali. Huko hakuna aliyeuliza habari za orodha. Kengele ya alfajiri, zamu ya usafi, ndoo, tochi, sare, kufuli, yote ayapange peke yake, na masomo yamegeuka Kiingereza, kwa hiyo akili inayohangaika kutafsiri haina pa kuweka maelekezo. Ndoo ilipotea wiki ya kwanza. Ikawa adhabu kila asubuhi. Muhula wa pili alirudi kwao, shule hataki kuisikia. Leo ni fundi pikipiki Segera, fundi hodari, lakini kwa kichwa kile nilitegemea siku moja aniandikie kutoka chuo kikuu.

Ndiyo maana nakwambia bweni halinyooshi. Linamwondolea mtoto mtu wa kumsaidia kupanga, kisha linamwadhibu kwa kutopanga.

Na kuhusu viboko vya shuleni, kanuni za serikali za 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mwulize mwalimu wa Sudi hicho kitabu kiko wapi.

Badala ya bweni, nyumbani fanyeni hivi. Usiku begi lipangwe, si asubuhi. Saa ya ukutani aione anaposoma. Kazi ndefu uikate vipande, apumzike katikati. Simu ikae kwa mama yake. Ukimtuma dukani, mwandikie. Na wewe mwenyewe huendi sokoni bila karatasi, nakujua.

Mwalimu wake umwendee kwa adabu, umwombe mambo mawili tu: akae mbele, na maelekezo yatolewe moja moja. Ana watoto wengi, ukimpelekea madai kumi hatatimiza hata moja. Akikataa, muulizie afisa elimu maalumu pale halmashauri.

Ada ya bweni kama umekwisha kuilipa, kaulize kama inarudishwa. Isiporudi, machungwa yangu bado yako mtini, tutasaidiana. Likizo hii Sudi aje kwangu na daftari lake la hesabu, hata kama limechanika. Nauli nitamtumia mama yake, si wewe.

Ni mimi shangazi yako.