Mawe ya Uani kwa Mama

Mama alianguka mwezi Aprili, wiki moja baada ya mimi kumwekea marumaru uani. Nilizichagua mwenyewe Dodoma, nyeupe, zinazong'aa, nikapiga picha na kuwatumia ndugu zangu wote. Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi Mama akatoka na fimbo yake kwenda jikoni, mguu ukateleza, akauegemea mkono wa kulia. Ukavunjika.

Mama haoni. Alianza na vikope akiwa kijana, kama wanawake wengi wa Ugogo. Ugonjwa huu huenea kwa mikono, vitambaa na nzi, kwa hiyo anayelea watoto huupata mara kwa mara. Macho yanauma, yanapona, yanauma tena, na kila mara kovu linabaki ndani ya kope, mpaka kope zinajikunja na nywele zake kukwaruza jicho. Ipo dawa, na kope zilizopinda hufanyiwa upasuaji mdogo. Kwake tulichelewa.

Lakini miaka yote ya giza hakuwahi kuanguka pale uani Kilimatinde. Udongo ulioshindiliwa na nyayo ulimtoa mlangoni hadi jikoni. Changarawe zilimwambia amefika kwenye pipa la maji. Majivu yalimwambia amepitiliza. Mimi nilikuja na marumaru nikafunika vyote hivyo. Nilidhani namjengea, kumbe nimemfutia njia.

Nilipomwambia nitazing'oa, hakunilaumu. Alisema tu, "Weka kitu ambacho miguu yangu itakisikia."

Mwezi Julai nilirudi Dodoma na fundi wetu, ambaye kiukoo ni baba mdogo. Tulitaka mawe bapa ya mchanga, yale yanayopasuliwa tabaka kwa tabaka na kubaki na uso wa asili. Nilimuuliza kwa nini tununue mawe mjini wakati kwetu tunakaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, mawe kila upande. Akasema ya kwetu hayapasuki bapa, yanatoka mabonge. Baadaye nilisoma kwamba wanajiolojia wameliita tabaka moja la miamba ya nchi ya kwetu Kilimatinde Cement, kwa kuwa ni mchanga na changarawe zilizogandamana kama zege. Jina la kijiji chetu limo vitabuni kama saruji, na mimi nilipanda basi kwenda kununua saruji Dodoma.

Muuzaji alituonyesha kwanza yaliyosuguliwa. "Mkipaka vanishi, dada, yatang'aa kama kioo."

Baba mdogo akacheka. "Kung'aa ndiko tulikokukimbia."

Akachukua jiwe lisilosuguliwa, akalisugua kwa dole gumba. Chembe zikabaki kidoleni, akaliweka pembeni. Jiwe la mchanga ni mchanga ulioshikwa na gundi yake ya asili, alinieleza, na gundi ikiwa dhaifu litalika kwa nyayo na mvua. Lingine akaligonga kwa nyundo ndogo: zima hulia, lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Mwisho akadondosha maji. Jiwe lililoyanywa mara moja alilikataa. Tulinunua kwa skwea mita, tukaongeza kidogo kwa ajili ya yatakayovunjika njiani. Lori lilipita Bahi na Kintinku, likapanda ukingo taratibu, nami nikihesabu kila mtikisiko.

"Mbukwa," Mama alimwamkia baba mdogo, kisha akaomba kigoda. Alikaa pale siku nne, mkono ukiwa bado dhaifu, akatoa maagizo. Mawe makubwa yatoke mlangoni hadi jikoni. Madogo yakae kandokando, ili akipotea ajue. Karibu na pipa, nafasi kati ya mawe ziwe pana. Fundi alishindilia kokoto, akamwaga mchanga, akaacha mteremko wa sentimita mbili kila mita ili maji yaikimbie nyumba. Kila mstari ulipokamilika, Mama alivua kandambili akapita juu yake. Mawe mawili aliyakataa. Yaling'olewa.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Desemba nikiwepo. Asubuhi uani kulikuwa kumelowa, madimbwi hakuna. Mama akafungua mlango akiwa peku. Nilisimama nyuma yake na mikono yangu nimeifumbata, maana ilikuwa inataka kumshika. Mkono wake haukunyooka sawasawa tena, na najua hautanyooka.

Alikwenda mpaka pipani, akateka maji kwa mkono wa kushoto, akarudi. Katikati ya njia alisimama, akakanyaga jiwe moja mara mbili.

"La tano kutoka mlangoni linacheza," alisema. "Mwambie baba yako mdogo."

Nikaenda kumwita.