Mtu Mzima Arudipo Darasani: Ushauri wa Kuchagua Chuo cha Uuguzi



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, napenda kuwaeleza jambo lililotufikia nyumbani kwetu. Nadhani nyumba nyingi za Waislamu zenye jamaa ng'ambo zinalo jambo kama hili, au zitalipata. Nalo ni la mtu mzima, mwenye watoto na majukumu, atakaye kurejea darasani, na mbele yake viko vyuo kadha wa kadha, wala hajui aingie kipi.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Mombasa, na umri wangu umepita miaka 50. Elimu yangu ni Kurani niliyoisoma kwa masheikh zangu, na shule ya msingi, basi. Mdogo wangu wa kike anakaa Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, huko Marekani. Mumewe alifariki mwaka 2019, akamwachia watoto watatu. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwalisha. Ni kazi yenye thawabu, lakini ujira wake ni mdogo na mgongo hauna subira milele. Mwaka 2023, akiwa na miaka 42, alinipigia simu baada ya sala ya Isha, huko kwao ikiwa ni saa saba mchana. Akasema, "Kaka Mwalimu, nataka kusomea uuguzi kamili. Viko vyuo vitatu. Nishauri."

Wako walioshangaa kwamba ataka ushauri wa mtu asiyeijua Marekani. Lakini mtu haulizi kwa sababu ya elimu tu. Huuliza ili apate wa kupima naye. Na yule aombwaye ushauri amekabidhiwa amana, haimfalii kusema la kumfurahisha muulizaji, wala la kujinufaisha nafsi yake. Basi nilimwambia anieleze habari za kila chuo, moja baada ya moja, nami nikaziandika katika daftari.

Yafaa msomaji ajue kwanza vyuo hivyo ni vya namna gani. Huko Marekani kuna vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, ambavyo ada yake ni nafuu kuliko ya vyuo vikuu. Tangu mwaka 1952 yalianzishwa humo mafunzo ya uuguzi ya majaribio, kwa fikira za mwalimu wa uuguzi aitwaye Mildred Montag, na vyuo saba ndivyo vilivyotangulia. Kabla ya hapo wauguzi wengi walifundishwa katika shule za mahospitali kwa miaka mitatu. Aliyemaliza chuo cha jamii na aliyemaliza chuo kikuu wote hufanya mtihani mmoja wa leseni, uitwao NCLEX-RN, na akifaulu huwa muuguzi aliyesajiliwa. Kisha akitaka huendelea na shahada kidogo kidogo, huku akifanya kazi.

Ama vyuo vitatu alivyonitajia vilikuwa hivi. Cha kwanza kilikuwa cha watu binafsi. Hakina foleni, humpokea mtu mara moja, na ahadi zake ni tamu. Ila ada yake ilizidi mara tatu ile ya vyuo vya umma, na hakuwa na njia ya kuilipa isipokuwa kwa mkopo wenye riba. Cha pili kilikuwa chuo cha jamii karibu na nyumbani kwake, rahisi kwa ada, lakini wanaotaka kuingia ni wengi kuliko nafasi, na aliambiwa huenda akangoja zaidi ya mwaka. Cha tatu nacho kilikuwa chuo cha jamii, mwendo wa saa moja kwa gari. Masomo yake ni ya usiku na mazoezi ya hospitali ni Jumamosi na Jumapili, hata mtu aweza kufanya kazi mchana.

Mdogo wangu moyo wake ulielekea kile cha kwanza. Akasema, "Kaka, miaka yangu inakwenda. Nikingoja, nitaingia lini?" Sikumlaumu, kwani mwenye umri mkubwa huihesabu miezi kama masikini ahesabuvyo senti. Lakini nilimtaka aulize maswali matatu, na majibu yake yalimtosha mwenyewe.

Swali la kwanza: wanaotoka chuo hicho hufaulu mtihani wa leseni kwa kiasi gani katika jaribio la kwanza? Habari hizo si siri, kwani Bodi ya Uuguzi ya Ohio huzitoa kwa kila chuo. Alipozitazama aliona kwamba cha kwanza kilikuwa nyuma ya vile viwili vingine. La pili: je, mbali na idhini ya bodi ya jimbo, mafunzo hayo yana ithibati ya kitaifa? Idhini ya bodi humwezesha mtu kufanya mtihani. Ithibati ndiyo hurahisisha masomo yake kukubaliwa na chuo kikuu hapo baadaye. Vile viwili vya umma vilikuwa nayo, cha kwanza hakikuwa nayo. La tatu: fedha itatoka wapi?

Hapa ndugu msomaji pana jambo kubwa. Serikali ya Marekani ina msaada uitwao Pell Grant kwa wanafunzi wenye kipato kidogo ambao hawajapata shahada ya kwanza. Msaada huo si deni. Mwaka wa masomo wa 2024-2025 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Huombwa kwa kujaza fomu iitwayo FAFSA, na raia na wenye ukaazi wa kudumu hustahiki wakitimiza masharti. Wengi wetu husikia neno msaada wa masomo wakadhani yote ni mikopo ya riba, wakaiacha fomu bila kuijaza. Fomu ni moja, nayo hufungua milango miwili: wa msaada na wa mkopo. Hakuna alazimishwaye kuingia mlango wa pili. Kwa chuo cha umma msaada huo ulikaribia kumtosha. Kwa chuo cha watu binafsi haukufika hata nusu ya ada.

Ikabaki kuchagua kati ya cha pili na cha tatu. Cha tatu kilimvuta kwa sababu hangeacha kazi. Nikamwuliza, "Mtoto wako mdogo ana miaka 9; usiku atakaa na nani? Na theluji ikianguka utaendesha gari saa moja kwenda na saa moja kurudi?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi Kaka, ni cha karibu. Lakini kungoja?" Tukatazama tena daftari. Kabla ya kuingia uuguzi wenyewe yampasa mwanafunzi kusoma elimu ya viungo vya mwili na kazi zake, elimu ya vijidudu, na kadhalika. Masomo hayo angeweza kuyaanza papo hapo, mawili kwa kila muhula. Kwa hiyo mwaka wa kungoja ulikuwa mwaka wa kusoma.

Sasa nifike kwenye lililokuwa zito kuliko vyuo vyote. Mdogo wangu alikuwa akituletea fedha kila mwezi, na dawa za presha za mama yetu zilitoka humo. Akisoma itampasa kupunguza zamu za kazi, na fedha hizo zitapungua au zitakatika. Hili yeye hakulitaja, nami nilijua kwa nini hakulitaja. Jamaa mmoja alisema, "Mwanamke wa miaka 42 akae darasani na vijana? Asomeshe watoto wake, yeye wakati wake umepita." Katika maneno hayo nilisikia pia sauti ya mtu anayeiogopea riziki yake. Nikamjibu kwamba huko Marekani ipo sheria ya mwaka 1975 inayokataza kumbagua mtu kwa umri katika masomo yanayosaidiwa na serikali kuu. Je, ndugu zake wa damu ndio wambague?

Tukakutana nyumbani, mama yetu, ndugu zangu wawili na mimi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwambieni asome. Dawa zangu mtanunua nyinyi wanaume." Tukagawana gharama mbele yake, nami nikaongeza darasa la kusomesha majumbani jioni. Usiku ule ule nikampigia mdogo wangu kumwambia asituletee kitu mpaka amalize. Alilia, na hakusema neno kwa muda.

Wako waliouliza kama yafaa mwanamke wa Kiislamu kuwauguza wagonjwa. Nawakumbusha Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, ambaye katika mji wa Madina alikuwa na hema la kuwatibu majeruhi, naye Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, alipelekwa kwake. Mdogo wangu pia alikiuliza chuo mapema juu ya ushungi na mikono ya nguo. Akajibiwa kwamba ushungi waruhusiwa ukifungwa vizuri, na mikono ipandishwe wakati wa kunawa na kumhudumia mgonjwa. Ni heri kuuliza mambo haya kabla ya kulipa ada kuliko baada yake.

Alianza masomo ya awali Januari 2024, na Agosti 2025 akapata nafasi katika uuguzi wenyewe. Hajahitimu, na siwezi kuwaahidi kwamba njia ni nyepesi. Hulala kidogo, na binti yake mkubwa ndiye apikaye. Lakini hana deni la riba shingoni, na kila somo alilofaulu ni lake, hakuna awezaye kumnyang'anya.

Nanyi vijana mlio ng'ambo, mkitaka chuo, msikichague kwa wepesi wa mlango wake. Tazameni wanaotoka humo wanatoka na nini. Na sisi tulio nyumbani tuzipime haja zetu kabla ya kumwambia ndugu yetu kwamba wakati wake umepita, maana huenda tunalinda mfuko wetu kwa jina la nasaha.

Namwomba Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi wote wanaotafuta elimu yenye manufaa, wakubwa kwa wadogo, na atujaalie sisi kuwa wasaidizi wao. Amin.