Gorebridge, Jukwaa Moja

Kituo cha Gorebridge kina jukwaa moja tu na njia moja ya reli. Hapo ndipo nilipopandia treni ya kwenda chuo Edinburgh, mwaka mzima wa shahada yangu ya pili. Nilipanga chumba huko kwa sababu mjini kodi ingenimaliza.

Reli hii ilifungwa Januari 1969, eti haina faida. Ikarudi Septemba 2015. Hesabu mwenyewe: miaka 46. Bibi mwenye nyumba wangu alikuwa binti wa sekondari ilipofungwa. Kazi zote alizowahi kufanya maishani, aliniambia akimenya viazi, ni zile ambazo basi liliweza kumfikisha.

Na ilirudishwa kibahili. Inaishia Tweedbank, watu wa Hawick mpaka leo hawajaipata. Sehemu kubwa ni njia moja, kwa hiyo treni moja ikichelewa, inayotoka upande wa pili nayo inaisubiri mahali pa kupishana. Abiria wenzangu walinung'unika, macho kwenye saa. Bibi, siku tukisafiri pamoja, anafika nusu saa kabla. Anakaa, anaitazama reli.